Karatasi za Watu Zilizotoka Nyumbani Kwetu

Keza mwanangu,

Umekwenda Kanama kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka akupakulie viazi na maharage mara tatu. Kwa hiyo nina mchana wote. Nimefunga mlango wa chumba cha mbele, nimegeuza kibao kinachosema tunachapa na kuskani, nimechukua kalamu. Kompyuta nimeizima. Leo sitaki hata kuiona.

Kesho asubuhi unapanda basi la Kigali, kisha safari ya Morogoro. Sweta umeweka, vyeti umeweka, namba ya shangazi yako unayo. Hayo tumeyasema mpaka umechoka kunisikiliza. Ninayotaka kukuambia sijayasema, na huu ni mwezi wa pili tunakula meza moja kama wapangaji wawili. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kinyarwanda mimi ni hodari wa kuzunguka. Neno nalizungukia mpaka linakufa. Kiswahili ndicho nilichosomea Karagwe nikiwa mtoto wa wakimbizi, na walimu wale hawakukubali uzunguke. Ukiulizwa, unajibu.

Basi nijibu. Siku ile uliponiuliza, "Mama, nani aliweka programu hii ya skana?" nilisema, "Fundi." Si fundi, Keza. Ni mimi.

Skana ilikuwa imegoma. Wanawake watatu wanaouza bidhaa pale mpakani na Goma walikuwa wamekaa kwenye benchi, mmoja ananyonyesha, wote wananitazama mgongoni. Nikatafuta kwenye intaneti programu nyingine, nikapata ya bure. Ikaniletea ukurasa mrefu wa Kiingereza, herufi ndogo kama ulezi, na chini kabisa kitufe cha kukubali. Nikabonyeza. Sikusoma hata mstari mmoja. Mimi, ambaye nawaambia wateja wangu kila siku, "Soma kwanza kabla hujatia sahihi." Programu ikafanya kazi vizuri kuliko ile ya zamani, wanawake wakaondoka wakinishukuru, nami nikasahau.

Mwaka mzima na zaidi nilisahau. Kisha wewe ukamaliza shule, ukawa nyumbani unasubiri majibu ya chuo, na ukaona kitu ambacho mimi nilikuwa nakiona kila siku bila kukiona: taa ya modemu inawakawaka wakati hakuna anayetumia intaneti. Mimi nilichoona ni kwamba kifurushi cha intaneti kinaisha kabla ya siku yake. Na nilijua sababu, au nilijifanya najua. Nilikuambia mbele ya Mama Furaha, aliyekuja na vitambulisho vyake kutoka Goma, "Ni sinema zako. Huyu mtoto anapakua sinema mchana kutwa."

Ulikwenda chumbani, ukaleta simu yako, ukaiweka juu ya kabati langu ukiwa umeizima. Ilikaa hapo siku nne. Kifurushi kikaisha vilevile.

Mama yeyote mwenye akili angesema samahani siku ya tano. Mimi nilisema, "Haya, basi itakuwa virusi," kwa sauti ya mtu anayekusamehe.

Ukachukua daftari lako la fizikia lililobaki na kurasa nyeupe, ukaanza kuandika: saa, programu iliyokuwa wazi, kazi niliyokuwa nafanya, taa imewaka au haikuwaka. Ukaweka ile programu ya ulinzi inayosimama mlangoni na kuuliza kila kinachotaka kutoka kwenda nje: huyu anataka kutoka, nimruhusu au nimzuie? Ulinieleza vizuri kabisa. Uliniambia, "Mama, ikikuuliza usibonyeze chochote. Niite."

Lakini mwanangu, ilikuwa inauliza! Nachapa barua ya mtu, inauliza. Naskani cheti, inauliza. Saa inataka kujirekebisha, inauliza. Mteja amesimama, jasho linanitoka, wewe umekwenda dukani, na kidirisha kile kinarukia katikati ya kazi kama kuku aliyeingia sebuleni. Nikabonyeza "ruhusu". Kikaja kingine, nikabonyeza tena. Nikaona pana mahali pa kuweka alama ili kisiulize tena kamwe, nikaweka alama. Nikafanya hivyo wiki nzima, na kila ulipouliza nilisema kimetulia, hakiulizi tena.

Ulipogundua, ulikaa kwenye kiti changu ukashika kichwa. Ulisema kitu kimoja tu. "Mama, nilikuwa natafuta mwizi, na wewe ukawa unamfungulia mlango."

Nilikukemea kwa kusema na mzazi hivyo. Ungekuwa wewe ndiye mama ungenikemea mimi.

Ukafuta alama zote ukaanza upya. Sijui subira hiyo umeitoa wapi. Baba yako hana, na mimi unaniona. Jioni moja ukaniita ukanionyesha. Kati ya programu zote, iliyokuwa inatoka kila mara ilikuwa ile ya skana, na ilikuwa inakwenda mahali palepale, namba ileile ndefu. Ukaskani karatasi nyeupe isiyo na kitu: kikatoka kitu kidogo. Ukaskani ukurasa uliojaa maandishi: kikatoka kikubwa. Ukaweka picha yangu ya harusi: kikatoka kikubwa zaidi. Ukaizuia siku mbili, ikaendelea kuskani kama mtoto mwema. Kisha ukaifungulia bila kuskani chochote, na taa ya modemu ikawaka, ikawaka, tukakaa tunaitazama wote wawili mpaka chai ikapoa. Ilikuwa imejiwekea akiba ya siku mbili.

"Inatuma nini?" nikakuuliza.

"Siwezi kuona ndani," ukasema. "Ni kama bahasha iliyofungwa. Naona ukubwa wake na inakokwenda."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia na haijaisha mpaka leo. Kama ningejua wanachukua karatasi za watu, ningepiga kelele. Kama ningejua hawachukui, ningelala. Lakini bahasha iliyofungwa! Tuliwaandikia wenye programu, ukatafsiri wewe kwa Kiingereza kizuri. Wakajibu mara moja kwamba wanathamini maoni yetu. Tukaandika tena kuuliza ni taarifa gani hasa inatoka. Wakathamini tena. Ukasoma masharti yale niliyoyakubali, siku mbili ukisoma, ukapata sentensi moja inayosema wanaweza kukusanya taarifa ili kuboresha huduma. Taarifa zipi? Huduma ya nani? Ungedhani anayeandika mambo hayo analipwa ili asieleweke. Ukatafuta mahali pa kuzima hicho kitu, ukakizima, na taa ikaendelea kuwaka.

Ukaenda kwa yule fundi wa kompyuta. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulikwenda kwa sababu nilikuambia yeye ndiye aliyeweka, na ulimsema mbele ya watu pale dukani kwake kwamba anawawekea wateja programu zinazoiba. Nilisikia habari hiyo sokoni kabla hujarudi. Yeye alikuwa amekujibu tu, "Bon, mtoto, mi sikuwekaka kitu kule. Na programu zote zinaongeaka na benyewe yao, bale balizitengeneza, mu dunia yote iko vile." Ukarudi umevimba kwa hasira. Ukasema ni mwongo na anajifanya hajui. Nikasema, "Achana naye." Ningeweza kusema maneno mawili tu, "Ni mimi," na nikasema "Achana naye."

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Kuna kitu hujawahi kukisikia kuhusu kazi yangu ya kwanza, kwa sababu kila nikisimulia habari za Bukoba nasimulia yale ya kuchekesha.

Nilijifunza kupiga chapa kwa mwanamke mmoja tuliyemwita Bi Koku. Alikuwa na taipu kuukuu na rula ya kutupiga vidole. Somo lake la kwanza halikuwa herufi. Alituonyesha karatasi ya kaboni, ile nyeusi tuliyokuwa tukiweka katikati ili kupata nakala, akaishika juu kwenye dirisha, na barua nzima ikasomeka. "Kaboni iliyotumika inachomwa," alisema. "Mpiga chapa asiyechoma kaboni ni msaliti hata kama hajafungua mdomo." Nilimwelewa. Nikapata kazi katika ofisi moja ndogo, na mwezi wa tatu nikachapa barua ya kumwachisha kazi mtu mmoja, mtu wa makamo, mpole. Mvua ilikuwa inanyesha, sikutaka kutoka kwenda kwenye shimo la taka, nikaitupa kaboni kwenye kikapu. Kaboni ikatoka na taka za ofisi, na yule mtu aliambiwa habari zake na muuza samaki kabla bosi hajamwita. Alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza yangu, akauliza kwa adabu kabisa, "Binti, ni wewe uliyechapa?" Nikamwambia sijui anazungumzia barua gani.

Alinishukuru, Keza. Akavaa kofia yake akatoka.

Nikajiapiza kwamba siri ya mtu haitatoka tena mkononi mwangu. Tuliporudi Rwanda na nikafungua chumba hiki hapa Nengo, hicho ndicho nilichojengea jina. Watu wanavuka mpaka na karatasi zao wananiletea mimi, na wanapita ofisi nyingine tatu njiani, kwa sababu Mama Keza hasemi. Na kweli sisemi. Kisha mtoto wangu mwenyewe, mwenye daftari la fizikia, ananionyesha kwamba mwaka mzima huenda nilikuwa nasema kila kitu kwa watu nisiowajua, tena bure. Nilishindwa kukubali. Ikawa rahisi zaidi fundi abebe lawama.

Ndipo uliposema, "Tuwaambie wateja."

Unakumbuka nilivyojibu, lakini acha niandike ili uone kwamba na mimi nakumbuka. Nilisema, "Tuwaambie nini? Hatujui kilichotoka."

Ukasema, "Tuwaambie hivyohivyo. Kwamba hatujui."

"Na wakiacha kuja?"

"Mama, wangejua toka mwanzo, wangekuja?"

Nikapiga meza. Nikasema katika nyumba hii hutasema neno hilo kwa mtu yeyote, na chuo hicho unachokwenda kinatokana na karatasi hizo. Kutojua kulinipa pa kujificha, nikaingia na kufunga mlango. Tukaifuta ile programu, tukaweka nyingine uliyoichunguza wewe, taa ikatulia, nami nikatangaza kwamba shida imekwisha. Tangu siku hiyo unaniambia "ndiyo Mama" na "hapana Mama", na usiku mwema.

Sasa yale usiyoyajua.

Kama wiki tatu zilizopita, ulipokuwa Kigali kushughulikia pasipoti, Mama Furaha alikuja. Alikuwa na karatasi za mahakama. Shemeji zake kule Goma wanataka kumtoa kwenye kiwanja cha marehemu mumewe, na alitaka nimpangie ushahidi wake wote vizuri. Alikaa kwenye benchi akasema, "Mi nakuja kwako sababu kule Goma kila mutu anajua mutu. Hapa kwako karatasi inalala." Nikaskani karatasi zake kwa programu yako, ile salama. Lakini za mwaka jana, hati ya kiwanja, vyeti vya watoto, zote nilizipitisha kwenye ile nyingine. Akaniaga. Sikumwambia.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikafunga ofisi nikashuka mpakani, nikamkuta amepanga nyanya zake. Nikachuchumaa kando yake nikamweleza. Sikuzunguka. Nikamwambia kuna programu niliiweka mimi, ilikuwa inatuma kitu nje kila nilipoweka karatasi, sijui ni nini, sijui kimekwenda kwa nani, na karatasi zako zimo.

Aliendelea kupanga nyanya. Kisha akasema, "Bashemeji yangu banaweza kuziona?"

"Sidhani. Lakini siwezi kuapa."

"Mama Keza, karatasi nilikupa weye. Sikuipa mashini."

"Najua."

"Na siku ile ulimugombeza mutoto mbele yangu. Ilikuwa ni hiyo?"

"Ilikuwa ni hiyo."

Akatikisa kichwa. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Aliniwekea nyanya nne mkononi, kwa sababu nilikuwa mgeni kwenye meza yake na hakujua kunirudisha mikono mitupu, na hajaja tena. Anakwenda ofisi moja pale mjini. Juzi nilipita kutoa fotokopi, nikatazama kioo cha kompyuta yao. Wanatumia programu ileile, Keza! Ileile! Nikamwambia kijana wa pale, akaniambia, "Maman, iko ya bure na iko inafanya kazi." Nikatoka nje nikasimama barabarani kama mwendawazimu. Kwa kusema ukweli nimemtoa kwenye nyumba ambayo sasa ni salama nikampeleka kwenye mdomo ulio wazi. Nimemtumia ujumbe kumwonya. Hajajibu. Labda anadhani nawaharibia jina washindani wangu, na ningekuwa yeye ningedhani hivyo.

Kwa hiyo usifikiri nakuandikia kukuambia kwamba ukisema kweli mambo yanakaa sawa. Hayajakaa. Wateja wengine nao nimewafuata mmoja mmoja nikawaeleza. Yule sajini mstaafu aliyerudi kutoka Uganda alicheka, akasema watu wa intaneti wanamjua tangu zamani, akaniletea barua nyingine palepale. Mwalimu mmoja aliniuliza maswali mengi kuliko polisi, akaandika majibu yangu, akaondoka bila kuaga. Mwanamke mmoja alilia na hakuniambia kwa nini. Wengine wamebadilisha njia. Chumba cha mbele kina utulivu ambao umeuona na hukuuliza; ulidhani ni msimu. Ada yako ya mwaka huu iko, usihesabu hilo. Baba yako nimemwambia yote kwa simu, akasema angekuwa yeye angesubiri umalize chuo kwanza. Nikamwambia nimeshasubiri vya kutosha.

Kwa fundi nilikwenda Jumatatu. Nilikwenda saa ambayo duka limejaa, makusudi, kwa sababu ulimsema mbele ya watu. Nikasema kwa sauti kwamba binti yangu alimkosea kwa uongo wangu. Aliona aibu kuliko mimi. "Bon, maman, iko sawa, iko sawa," huku anaifuta meza ambayo ilikuwa tayari safi. Kisha akasema polepole, wengine wasisikie, "Ile siku mtoto wangu alikuwa hapa. Alisikia." Kabla hujapanda basi, kama utapata nafasi, pita umuage. Si kwa kuomba radhi. Hiyo ni yangu na nimeshaipeleka. Mpe mkono tu.

Najua utakuwa na hasira ukisoma hapa. Utasema, Mama amefanya yote niliyomwambia, na hakuniambia, akaniacha mwezi mzima nikimtazama kama adui. Ni kweli. Nilitaka kwanza nimalize ndipo nikuambie, nije mbele yako na kazi iliyokamilika, kama mtoto anayeficha daftari mpaka apate alama nzuri. Hata toba nilitaka iwe na heshima. Ugonjwa huu ninao, na nimeona dalili zake kwako pia: usipokuwa na jibu kamili hutaki kufungua mdomo. Ulikaa na daftari lile siku nyingi kabla ya kunionyesha kwa sababu ulitaka kuwa na hakika. Huko uendako utakutana na bahasha nyingi zilizofungwa. Mimi nilimwambia mtu "sijui" nikijua nusu, mara mbili katika maisha yangu, kwa yule mtu wa Bukoba na kwako uliposema tuwaambie wateja, na nusu ile niliyoijua ndiyo iliyokuwa na haki ya mtu ndani yake. Sina zaidi ya hilo la kukufungia safarini.

Na sinema. Hukuwa unapakua sinema. Samahani, mwanangu. Neno hili limechukua miezi mingi kutoka chumbani mpaka hapa, na bado limekuja kwa karatasi.

Nimewafikia wote walio kwenye daftari langu la wateja isipokuwa mmoja, mzee wa Nyakiriba. Karatasi yake sitakuambia ilihusu nini, lakini katika zote zilizopita mezani kwangu, hiyo ndiyo ningelia kuisikia mdomoni mwa mtu mwingine. Simu yake nimeipiga mara mbili nikakata kabla hajapokea. Si jambo la simu. Nimemwacha wa mwisho kwa woga, usifikiri ni kwa sababu nyingine.

Kesho nitakusindikiza stendi, nitasubiri mpaka basi lipinde kona. Kisha sitarudi nyumbani. Nitapanda gari la Nyakiriba, niulize njia ya kwake, nibishe hodi. Wakati huo utakuwa bado hujafika mbali. Ukinikumbuka, niombee nisizunguke.

Mama yako